Mwanzo wa Ngoma ni Lele



Nimeombwa niandike juu ya elimu, lakini nimeonelea afadhali niseme juu ya uongo mmoja tunaousema majumbani mwetu hapa Shakopee. Mgeni akiuliza, "Kijana wenu anafanya kazi gani?" tunajibu, "Yuko ofisini." Kumbe kijana yuko ghalani, anapanga masanduku usiku kucha. Tangu Amazon walipofungua ghala lao hapa mwaka 2016, wangapi katika koo zetu wameanzia maisha kwenye maghala ya mji huu? Basi tunamwonea haya nani?

Wahenga walisema, mwanzo wa ngoma ni lele. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alitembeza vyungu akiviuza kabla hajafika Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Shaaban Robert aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926, na miaka mingi alikula mshahara wa karani huku akiandika. Abdulrazak Gurnah, kijana wa Unguja aliyekimbilia Uingereza, alikuwa mhudumu wa hospitali; mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Hata mimi, nisiye wa daraja yao, nilianza kwa kupima karafuu. Mizani ilinifunza kutompunja mtu, na funzo hilo ndilo nililosahihishia madaftari mpaka nikastaafu.

Lakini lele si ngoma yenyewe. Iko kazi ya mwanzo inayomlea mtu, na iko inayommeza. Aghalabu tofauti yake haitoki kazini, hutoka nyumbani, kwetu sisi wazee. Nitajitolea ushahidi mwenyewe.

Mpwa wangu alitaka kusomea uuguzi. Nikamwambia, "Mwanangu, paa la bibi yako Ng'ambo linavuja." Akaongeza zamu. Paa likaezekwa, ukaja ukuta, kisha ikaja harusi ya binamu yake. Ikapita miaka minne. Siku moja akaniuliza kwa adabu, "Mjomba, paa halivuji tena. Mimi nitaanza lini?" Sikuwa na jawabu. Mwalimu mzima, nimewahimiza watoto wa watu wasome, na wa kwangu nimemfunga kwa mahitaji yangu.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Kazi ya halali tusiifiche, maana kazi mbaya si mchezo mwema. Na kila familia ikae na kijana wake, ipange kiasi anachotuma nyumbani na kiasi anachojiwekea kwa masomo, na fungu lake la pili lisiguswe hata kwa harusi. Nanyi vijana, msingoje kuulizwa. Semeni mnalolitaka mapema.

Mpwa wangu alianza masomo mwezi Januari. Jumamosi na Jumapili bado anakwenda kupanga masanduku. Mtu akiniuliza alipo, namjibu waziwazi: yuko ghalani.