Dawa Isipofika Kichwani

Akina mama wenzetu, huku kwetu Lushoto mwanamke akilalamika kichwa, jibu liko tayari: ni mzigo wa kuni aliojitwika, ni baridi ya ukungu, au ni mawazo. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini kwa mama aliyewahi kutibiwa saratani ya matiti, jibu hilo laweza kumchelewesha.

Chembe za saratani ya matiti huweza kusafiri katika damu na kuota mifupani, mapafuni, katika ini, hata kwenye ubongo. Hapo jamaa huuliza: "Mbona alitundikiwa dripu zote, na uvimbe wa titi ukanywea? Dawa imeshindwaje kichwani?"

Ubongo una ukuta wake. Mwaka 1885 daktari Mjerumani, Paul Ehrlich, alitia rangi katika damu ya wanyama. Karibu viungo vyote vikashika rangi, isipokuwa ubongo. Leo twajua sababu. Kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo zimebanana mno. Hupitisha sukari na oksijeni, na huzuia sumu nyingi na vijidudu. Ni ulinzi mwema, ila huzuia pia dawa nyingi za saratani. Uvimbe ukikua huutoboa ukuta huo, lakini si kila mahali. Dawa huingia hapa, ikakosekana pale. Hivyo mama aweza kupata nafuu kifuani huku akiugua kichwani. Hakufanya uzembe, wala hakurogwa.

Je, tiba ipo? Ipo. Mionzi haitegemei damu. Hupenya fuvu moja kwa moja. Ndiyo maana wagonjwa wetu hushuka Mombo na kusafiri hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Uvimbe ukiwa mmoja, mahali panapofikika, huweza kutolewa kwa upasuaji. Dawa iitwayo deksamethasoni hupunguza uvimbe unaoubana ubongo, ingawa haiui saratani. Zipo pia dawa mpya zinazopenya vizuri zaidi, lakini hufaa aina fulani tu za saratani. Tuseme ukweli: mara nyingi tiba hizi huongeza siku na kupunguza mateso, ni mara chache huponya kabisa.

Basi tuzijue dalili: kichwa kinachozidi kuuma, hasa alfajiri, pamoja na kutapika, kifafa kinachomwanza mtu mzima, mkono au mguu kulegea upande mmoja, kuona vitu viwili viwili, maneno kupotea au tabia kubadilika. Tusikimbilie kusema amepagawa. Apelekwe upesi hospitali ya wilaya, au Bumbuli, pamoja na karatasi zake zote, na daktari aambiwe mapema kwamba aliwahi kuugua saratani.

Nawe mama uliyetibiwa, mweleze mumeo au binti yako dalili hizi leo. Siku maneno yakikupotea, wao ndio watakaokusemea.