Wasomi wa maradhi wawekewe vifaa nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu wasomi wanaochunguza maradhi ya kuambukiza.

Sisi wa Kigoma tumetenganishwa na Kongo na maji ya Ziwa Tanganyika tu. Ugonjwa ukizuka ng'ambo, hatulali. Ndiyo maana nawakumbusha wasomaji wenzangu kazi ya Profesa Jean-Jacques Muyembe.

Daktari huyu alisomea elimu ya virusi Ubelgiji, kisha akarudi kwao. Mwaka 1976 watu walipokuwa wakifa Yambuku kwa homa isiyojulikana, alikwenda akachukua damu za wagonjwa kwa mikono mitupu, bila glovu. Lakini damu ya mtawa mmoja mgonjwa ilibidi isafirishwe hadi Antwerp ndipo kirusi cha Ebola kionekane. Kwa miaka mingi sifa ziliwaendea wageni.

Hakukata tamaa. Mwaka 1995, huko Kikwit, yeye na wenzake waliwaongezea wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, na 7 wakaishi. Wataalamu wengi wa nje walitia shaka. Hata hivyo, kutokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit ilitengenezwa dawa ya mAb114. Ilijaribiwa Kongo mashariki mwaka 2018 na 2019. Kati ya kila wagonjwa 100 walioipata, wapatao 35 walifariki, ambapo kwa dawa ya awali iliyolinganishwa nayo walifariki wapatao 50. Mwaka 2020 Marekani iliiidhinisha.

Ndugu Mhariri, kutoka Yambuku hadi dawa hiyo ni miaka 44. Je, kijana wetu anayerudi leo na shahada yake atavumilia hivyo akipewa meza na kiti tu? Wapo watakaosema maabara ni ghali. Nawauliza: mazishi ni rahisi?

Naiomba Serikali itenge fungu la utafiti kila mwaka, si wakati wa mlipuko peke yake, kwani mlipuko ukipita fedha nazo hupita. Damu za wananchi zipimwe na kuhifadhiwa hapa hapa nchini, na wageni waje kushirikiana nasi, siyo kubeba na kuondoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Msomaji wako,
Kigoma.