Kanuni Itanguliwe na Sababu

Mara nyingi tumewaona wanachuo wakiingia katika mtihani wa kemia na orodha kichwani: nitro huongeza nguvu ya asidi ya fenoli, methili huipunguza. Orodha hiyo ni sahihi. Hata hivyo, twashikilia kwamba haitoshi kuitwa elimu, kwa kuwa haijibu swali la kwanza la mwanafunzi mdadisi: kwa nini?

Na tuianze fenoli yenyewe. Ni pete ya kaboni sita iliyoshika oksijeni na haidrojeni. Ikiiachia haidrojeni hiyo kama ioni, oksijeni hubaki na chaji hasi. Chaji haikai mahali pamoja, bali huenea hadi kwenye pete. Na mzigo ukigawanywa huwa mwepesi. Ndiyo maana pKa ya fenoli ni 10 hivi, ilhali ya ethanoli, isiyo na pete, ni 16 hivi. Kadiri namba hii inavyopungua, ndivyo asidi inavyozidi nguvu.

Kundi la nitro huvuta elektroni, hivyo husaidia kuubeba mzigo. Methili husukuma elektroni kidogo kuelekea pete, hivyo huuongeza. Nitro ikikaa nafasi ya nne, mkabala na oksijeni, pKa hushuka hadi 7.2, methili ikikaa hapo, hupanda hadi 10.3. Lakini nitro hiyo hiyo ikihamishiwa nafasi ya tatu, pKa huwa 8.4. Hapa ndipo aliyekariri hukwama. Aliyeelewa hukumbuka kwamba chaji hufika nafasi ya pili, ya nne na ya sita, wala haifiki ya tatu; huko nitro huvuta kwa mbali tu, haiupokei mzigo wenyewe.

Wako watakaosema kwamba mwalimu wa shule ya msingi hatafundisha fenoli kamwe. Ni kweli. Lakini mwalimu hufundisha kama alivyofundishwa. Watoto watakapopima maji ya limau na maji ya majivu kwa karatasi ya litmasi, mmoja atauliza kwa nini rangi imegeuka. Mwalimu aliyelelewa na orodha atamnyamazisha.

Kwa hiyo twapendekeza mkufunzi aandike ubaoni zile namba nne, yaani 10, 7.2, 8.4 na 10.3, pamoja na maumbo yake, bila maelezo. Wanachuo wajadiliane kwa vikundi juu ya sababu, na kanuni ije mwisho. Kipindi kitakuwa kirefu zaidi, lakini kanuni iliyotafutwa haisahauliki upesi kama iliyopokewa.