Pindo na Umbo: Msamiati Tunao

Wapo wasemao kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba hisabati ya juu. Nawapinga kwa mfano mmoja.

Nadharia ya bodisimu, aliyoiwekea msingi Mfaransa René Thom mwaka 1954, jina lake limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya ukingo. Sisi tunalo pindo. Suruali ina pindo moja kiunoni na mawili miguuni. Basi duara moja ni jamaa ya maduara mawili, kwa kuwa yote ni mapindo ya kitambaa kimoja.

Lakini liko duara la Warsaw, mstari uliojifunga ambao sehemu yake hupanda na kushuka mara zisizo na kikomo, hata hauzunguukiki kwa mwendo usiokatika. Kipimo cha mapindo hakilioni tundu lake. Mwaka 1968 Karol Borsuk wa Poland alifundisha kuvitazama vitu vya namna hiyo kupitia mazingira yanayozidi kuvibana. Hapa kila mazingira ni pete; tukiyapima mapindo ndani ya pete hizo, tundu hudhihirika.

Kiswahili kilikwisha kutenga sura na umbo: sura imevurugika, umbo ni la duara. Tuiite, basi, nadharia ya pindo na umbo. Kilichopungua si maneno, ni uthubutu wa kuyatumia.