Tusimwite Mjinga

Neno "mjinga" tumelizoea mno. Mtoto wa darasa la kwanza akishindwa kusoma "baba", twalitamka upesi kama mtu afukuzaye kuku. Mimi nasema waziwazi: mjinga si yeye. Mjinga ni mtu mzima aliyesahau kwamba kusoma ni kazi ngumu.

Nilipokuwa darasa la kwanza, vitabu vilikuwa haba. Mmoja akisoma, wengine twamsikiliza. Jirani yangu wa dawati alikuwa akisoma bila kukwama hata mara moja. Siku moja mwalimu akagundua kuwa amekishika kitabu kichwa chini, miguu juu. Kumbe amekikariri chote kwa masikio! Alichapwa viboko, nasi tukacheka. Mwaka ule hakuumaliza shuleni. Leo nikikumbuka kicheko changu naona haya. Mtoto aliyehifadhi kitabu kizima kwa kusikiliza tu hakukosa akili. Alikosa mtu wa kumwonyesha kuwa ile michoro ya wino ndiyo iliyokuwa ikisema.

Wapo watakaouliza: "Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, ugumu uko wapi?" Ugumu upo. Kusema mtoto hujifunza mgongoni mwa mama yake. Herufi ni ufundi uliobuniwa na watu, wala hakuna azaliwaye nao. Kikombe ukikigeuza huku au kule hubaki kikombe, lakini b ukiigeuza huwa d. Nani alimweleza mtoto jambo hilo? Tena twamfundisha kuita "be, a, be, a", kisha twataka atamke "baba". Kwa masikio yake hiyo ni "beabea", na hasemi uongo. Akishazoea "ngoma" anakutana na "ng'ombe", kialama kidogo kikibadili sauti yote. Halafu analetewa "tutakapowatembelea": silabi tisa! Afikapo mwisho, mwanzo umekwisha kumtoka. Na yule ambaye kwao husemwa Kisukuma au Kimakonde, hata akilimaliza neno, huenda maana yake haijui.

Mwaka 1970 ulipotangazwa Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, watu waliokwisha kulea watoto na kuendesha mashamba waliketi kupambana na herufi hizihizi. Nani angethubutu kuwachapa? Basi kwa nini mtoto wa miaka saba tumwone mvivu?

Fimbo haijapata kumfundisha mtu sauti ya herufi. Humfundisha kuficha asichokijua, kama alivyoficha mwenzangu. Mwanzoni mpe mtoto sauti kabla ya jina la herufi. Mpe maneno mafupi anayoyajua. Mpe kitabu mkononi mwake, ukae naye, umwache akosee.

Na sisi tuliocheka, angalau tusiwafundishe wanetu kucheka.