Maswali ya midahalo yawe ya wananchi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni yangu kuhusu midahalo ya wagombea urais inayoonyeshwa kwenye televisheni. Kila ikimalizika, watu hubishana nani kashinda. Mimi nauliza: maswali yenyewe yalikuwa na maana?

Tuchukue mfano wa Marekani. Oktoba 13, 1988, swali la kwanza kwa Gavana Michael Dukakis, mpinzani wa adhabu ya kifo, lilikuwa hili: mke wake akibakwa na kuuawa, angetaka muuaji ahukumiwe kifo? Dukakis alijibu kwa utulivu kwamba hapana, na wengi wakamwona hana moyo. Lakini mpiga kura alijifunza nini? Huko kesi nyingi za mauaji huamuliwa kwa sheria za majimbo, wala si na Rais. Huo ulikuwa mtego tu.

Oktoba 15, 1992, mjini Richmond, mama mmoja wa kawaida aliwauliza Rais George H. W. Bush, Bill Clinton na Ross Perot: deni la taifa limewagusaje ninyi wenyewe? Kama halikuwagusa, mtawezaje kutatua shida zetu? Hakutumia lugha ya wataalamu. Alikusudia ugumu wa maisha. Hata hivyo Rais Bush alibabaika, kwa sababu swali lile lilitoka kwa mtu anayeumia.

Majirani zetu wa Kenya walianza midahalo hiyo mwaka 2013, wagombea 8 wakiwa jukwaa moja. Julai 26, 2022, Raila Odinga alisusa, William Ruto akajibu peke yake. Katika hali kama hiyo muulizaji ndiye mpinzani pekee aliyebaki. Akikubali jibu la kuzungukazunguka, mdahalo umegeuka mkutano wa kampeni.

Nawashauri waendesha midahalo popote walipo wasiache mambo matatu: fedha zitatoka wapi, kazi itaanza lini, na isipofanyika nani atawajibika? Mgombea akikwepa, aulizwe tena, kwa adabu lakini bila woga. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuridhika na ngonjera, kisha kulalamika miaka mitano.

Msomaji wako,
Tanga.