Kucha Kwanza, Rangi Baadaye: Vile Warembo wa Bikini Fitness Huchoma Doo Kabla Wafike Steji

Picha za warembo wa bikini fitness zikishuka kwa mitandao, wasee wengi huangalia misuli na ile bikini ya kumetameta. Wachache huuliza mbona kila mtu kwa steji anakaa kahawia moto, hata wale wamekuwa weusi tangu wazaliwe.

Hiyo ni rangi ya kupuliza, ile wazungu huita tan. Na doo mob humwagikia hapo kwa sababu ndogo sana: msupa ameenda kwa mtu wa kucha siku si yake.

Tuanze na rangi. Taa za steji ni kali, na ngozi ikirudisha mwangaza ovyo, jaji haoni mistari ya misuli. Ndio maana hata mweusi hupakwa. Cheki hiyo maajabu: mtaani msupa anauziwa mafuta ya kujichubua ndio ang'are, akifika steji anaambiwa aongeze weusi.

Kemikali inayofanya kazi inaitwa DHA, na ni aina ya sukari. Ikigusa ngozi ya juu iliyokufa, inashikana na protini zake na kugeuka kahawia. Hiyo huchukua kama masaa 6 hadi 8, na inaweza kuendelea kukolea mpaka kesho yake. Haizami ndani. Ngozi ya juu ikibanduka, rangi inaenda nayo, ndio maana ndani ya wiki moja hivi imeisha.

Sasa fikiria kazi ya kucha. Unalowekwa mikono, unasuguliwa, unakatwa ngozi za pembeni, unawekwa asetoni kutoa jeli ya zamani. Kila hatua inabandua ile ngozi imebeba rangi. Ukifanya hivyo baada ya kupulizwa, vidole vinabaki na madoa kama chui. Na kwa bikini fitness huwezi ficha mkono, juu pozi yenyewe inataka mkono kwa kiuno.

Kutoka kwa kucha na kuingia kupulizwa moja kwa moja pia ni noma. Mafuta ya kucha huzuia rangi ishike, na palipokwaruzwa hukolea kupita kiasi. Mpango poa ni huu: kucha siku mbili kabla ya shindano, rangi jioni ya kuamkia shindano. Kabla ya kupulizwa, paka krimu kidogo kwa kucha na viganja. Ukimaliza, panguza kucha mara moja, haswa kama jeli ni nyeupe, isije ikageuka manjano.

Mtu atasema haya ni mambo ya urembo tu. Zii. Sheria za IFBB zinakataza rangi inayotoka ukiipanguza, na kwa bikini fitness majaji huangalia mwonekano wote: ngozi, nywele, mekapu, pamoja na mwili. Kitengo hiki kiliingia Olympia mwaka wa 2010, na tangu hapo urembo umekuwa pointi. Mwanaume anajipanga na bukta na rangi. Mwanamke anajipanga na bikini, nywele, mekapu, kucha na rangi, zote kutoka mfukoni mwake. Akirudia kimoja juu ya ratiba mbaya, hiyo ni chapaa ya chakula cha mazoezi imeenda.

Kuna pia afya. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imekubali DHA ipakwe kwa ngozi ya nje pekee. Kuivuta kwa pua au kuiweka machoni na midomoni haijakubaliwa. Kwa hivyo ukipelekwa chumba kimefungwa madirisha, na hakuna wa kukupa kinga ya macho na pua, uko na haki ya kukataa, hata kama foleni ni ndefu na wenzako wanakuharakisha.

Waandaaji wanaweza maliza hii stori na karatasi moja. Kwa fomu ya kujiandikisha waandike rangi gani inakubalika, saa ya kupulizwa, bei yake, na siku ya mwisho ya kutengeneza kucha. Mkongwe tayari anajua hizi vitu. Anayeumia ni yule msupa wa mara ya kwanza, ambaye amejinyima ugali miezi kadhaa halafu anaangushwa na vidole kumi.